Kazi ya Mbali na Ukaazi wa Kudumu Kanada: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nyanda za Juu Kusini

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa watu wa Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe na Songea wanaofanya kazi kwa kompyuta wakiwa nyumbani, kwa waajiri au wateja wa mbali, na sasa wanaomba ukaazi wa kudumu Kanada kupitia Express Entry, mfumo unaowapanga waombaji kwa alama na kuwaalika wenye alama za juu. Tumejikita kwenye jambo moja: namna ya kuithibitisha kazi hiyo kwa karatasi. Mtihani wa lugha, tathmini ya vyeti vya shule na fedha za kujikimu havimo humu. Pale swali moja linapogusa jingine, tumetaja namba yake.

## Mambo ya msingi

1. Nafanya kazi nikiwa Mbeya, mwajiri yuko Toronto. Kazi hii inahesabika?

Inahesabika, lakini kama uzoefu wa nje ya Kanada. Kinachoangaliwa ni mahali ulipokuwa wewe mwenyewe wakati unafanya kazi. Makao makuu ya kampuni hayabadilishi kitu, wala sarafu uliyolipwa. Kwa mpango wa Federal Skilled Worker, FSW kwa kifupi, ambao ni mmoja wa mipango ya Express Entry, uzoefu wa nje unakubalika ilimradi kazi ilikuwa ya kulipwa, ni ya daraja linalotakiwa (swali la 4), na uliifanya ndani ya miaka 10 iliyopita.

Kisichowezekana ni kuitumia kazi hiyo kudai alama za uzoefu wa Kanada. Mpango wa Canadian Experience Class, CEC, unataka uwe ulikuwepo Kanada, tena kwa kibali halali cha kufanya kazi. Na kama huko huko Kanada ulikuwa unafanya kazi kwa mbali, mwajiri naye awe wa Kanada.

2. Kwenye fomu, nchi ya kazi niandike Tanzania au nchi ya kampuni?

Tanzania. Jina la kampuni liandike kama lilivyosajiliwa huko kwao, ila nchi na mji viwe vya mahali ulipokaa ukifanya kazi.

Ukijaza Kanada, mfumo utakupa alama za uzoefu wa Kanada ambazo huna. Unaweza kualikwa kwa alama hizo, ukalipa ada, ukapima afya, kisha afisa wa uhamiaji akazikata na ombi likaanguka. Hata ukisema ulipitiwa, afisa anaweza kuliona kama taarifa ya uongo, na hilo ni kubwa kuliko kukosa alama (swali la 23).

3. Zinatakiwa saa ngapi?

Angalau mwaka mmoja wa kazi ya kutwa, yaani saa 30 kwa wiki, jumla saa 1,560. Unaweza pia kuzifikisha kwa saa 15 kwa wiki ndani ya miezi 24, au kwa kazi mbili zinazofanyika sambamba na kutimiza saa 30. Saa zinazozidi 30 kwa wiki hazihesabiwi: aliyefanya saa 60 kwa wiki kwa miezi sita bado ana nusu mwaka tu.

Kwa FSW mwaka huo uwe mfululizo. Hapa ndipo wanaojitegemea hubanwa, kwa sababu miradi huja na kukatika. Likizo ya kawaida haina shida, lakini mwanya wa miezi miwili bila mteja yeyote unakata mfululizo, na barua ya maelezo unayomwandikia afisa haiuungi.

4. Kila kazi ya mtandaoni inafaa?

Hapana. Kanada inazipanga kazi zote kwenye orodha inayoitwa NOC, na kila kazi ina namba ya tarakimu tano. Tazama tarakimu ya pili: hiyo ndiyo daraja, wenyewe wanaliita TEER. Kwa FSW na CEC zinakubalika 0, 1, 2 na 3 tu.

Mtengenezaji wa programu ana namba 21232, daraja la 1. Msanifu wa picha na michoro ni 52120, daraja la 2. Mtunza vitabu vya hesabu ni 12200, naye daraja la 2. Lakini kuingiza data ni 14111, na mhudumu wa wateja kwa simu au chati ni 64409. Zote mbili ni daraja la 4, kwa hiyo hazifai hata ukiwa umezifanya miaka mitano bila kukosa siku. Tunasema hivi mapema kwa sababu kazi hizi mbili ndizo vijana wengi huanzia, na inauma mtu akusanye nyaraka mwaka mzima halafu agundue mwishoni.

Anayejiita msaidizi wa mtandaoni asitazame jina hilo, atazame alichokuwa anafanya siku hadi siku. Kuna wasaidizi ambao kazi yao halisi ni ya ofisa tawala, na kuna ambao walikuwa wanajaza majedwali tu.

5. Mafunzo ya vitendo na kazi za kujitolea?

Kama hukulipwa, hazihesabiki.

## Barua ya mwajiri

6. Barua iwe na vitu gani?

Iandikwe kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, ikiwa na anwani, simu na barua pepe ya kampuni. Iwe na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Mwishoni pawe na jina, cheo na sahihi ya msimamizi wako wa karibu au afisa utumishi. Ndani itaje vyeo vyote ulivyoshika, tarehe ya kuanza na kuacha kila kimoja (au kwamba bado upo kazini), majukumu yako, saa za kazi kwa wiki, na mshahara wa mwaka pamoja na marupurupu.

Saa na mshahara ndivyo husahaulika zaidi. Barua isemayo "alikuwa mwajiriwa wa kudumu" bila kutaja saa 40 kwa wiki ina pengo, na afisa halazimiki kukuandikia kuuliza. Anaweza kukataa moja kwa moja.

7. Kampuni iseme wazi kwamba nilifanya kazi kwa mbali?

Ndiyo. Barua yenye anwani ya Leeds pekee, ya mtu ambaye pasipoti yake haina muhuri wa Uingereza, inaibua swali ambalo sentensi moja ingelizuia. Barua yenyewe itakuwa kwa Kiingereza au Kifaransa, ila mwombe mwandishi aweke maana hii: "Mfanyakazi huyu alitekeleza majukumu yake yote kwa njia ya mtandao akiwa Iringa, Tanzania, tangu tarehe 7 Machi 2022 hadi 28 Juni 2024, saa 40 kwa wiki, chini ya usimamizi wa idara yetu ya fedha."

Kama ulihama, mathalani kutoka Iringa kwenda Mbeya, miji yote miwili itajwe pamoja na miezi yake. Kipande cha usimamizi nacho kina kazi: kinaonyesha ulikuwa mwajiriwa mwenye bosi, si mtu aliyeuza huduma mara moja.

8. Naruhusiwa kuchukua majukumu moja kwa moja kutoka kwenye orodha ya NOC?

Usifanye hivyo. Maafisa wameisoma orodha hiyo mara nyingi kuliko wewe, na barua inayoirudia neno kwa neno hupoteza nguvu. Wanachotaka kuona ni kwamba ulifanya kile kinachoelezwa kwenye sentensi ya utangulizi ya namba yako, na sehemu kubwa ya majukumu yaliyoorodheshwa chini yake, yakielezwa kwa maneno ya kazi yako.

Chukua mtunza vitabu aliyeko Njombe anayehudumia kampuni ya nje. "Kutunza kumbukumbu za fedha" halimwambii afisa chochote. Afadhali barua iseme alilinganisha stetimenti za benki na vitabu kila Ijumaa, aliandaa malipo ya mishahara ya wafanyakazi 14 kila mwisho wa mwezi, alifuatilia ankara zilizochelewa kulipwa, na aliandaa hesabu za kodi ya ongezeko la thamani kila robo mwaka kwa ajili ya mhasibu wa nje. Mistari sita hadi minane ya namna hiyo inatosha. Ikifika ishirini inaonekana imekuzwa.

9. Afisa utumishi anatoa barua fupi tu, yenye cheo na tarehe. Nifanyeje?

Ichukue hiyo hiyo, usiitupe. Kisha tafuta barua ya pili kutoka kwa msimamizi wako wa karibu, hata kama mwenyewe ameshahama kampuni, inayoeleza majukumu, saa na mahali ulipokuwa. Ambatanisha mkataba wa ajira, kwa sababu mara nyingi saa na mshahara vimo humo, na salari slipu. Maliza kwa barua yako ya maelezo: kwa nini barua kamili haikupatikana, na ni karatasi ipi inaziba pengo lipi. Weka pia barua pepe uliyotuma kuomba barua kamili na jibu lao la kukataa. Hiyo inaonyesha ulijaribu.

Omba barua ukiwa bado kazini na mkiwa bado mnaelewana. Bosi anayekuhitaji wiki ijayo hujibu siku hiyo hiyo. Baada ya kuachana, ujumbe wako unakaa chini ya mingine mia.

10. Kampuni yote iko mtandaoni, haina ofisi wala karatasi yenye nembo.

Kampuni inaweza kukosa ofisi, lakini kama imesajiliwa ina anwani ya usajili. Barua itumie anwani hiyo, namba ya usajili, tovuti na barua pepe ya jina la kampuni. Barua iliyotoka kwenye anwani ya bure ya barua pepe ni dhaifu. Nembo inaweza kuwekwa juu ya ukurasa wa kawaida. Hakuna anayedai karatasi ya kuchapishwa kiwandani. Ongeza nakala ya ukurasa wa msajili wa kampuni wa nchi husika, ambao nchi nyingi huuweka wazi.

11. Sahihi ya kielektroniki inakubalika?

Kwa kampuni inayofanya kila kitu mtandaoni ni jambo la kawaida. Inayotumia huduma yenye kumbukumbu ya nani alisaini na saa ngapi ni bora kuliko jina lililochapwa kwa mwandiko wa mapambo. Ikiwezekana, mwombe aliyesaini akutumie barua hiyo kwa barua pepe ya kazi, na wewe uhifadhi ujumbe huo.

12. Aliyeniajiri kwa karatasi ni kampuni ya kati inayolipa mishahara, lakini kazi nafanya kwa kampuni nyingine.

Hapo unahitaji barua mbili. Ya kampuni ya kati ithibitishe ajira, tarehe, saa na malipo. Ya kampuni unayoifanyia kazi ieleze majukumu na mahali. Kila moja iitaje nyingine kwa jina. Bila hivyo afisa anaona jina moja kwenye salari slipu na jina lingine kwenye fomu, na hana namna ya kuyaunganisha.

## Wanaojitegemea

13. Mimi sina mwajiri, nina wateja. Nani ataniandikia barua?

Wateja wenyewe. Kwa anayejitegemea Kanada inataka vitu vitatu: ushahidi kwamba biashara ni yako, ushahidi wa kipato chake, na nyaraka kutoka kwa watu wengine zinazoeleza huduma uliyotoa na malipo yake. Majukumu uliyojieleza mwenyewe, au hati ya kiapo uliyojiapia kwa wakili, havipokelewi kama uthibitisho. Watu wengi hupoteza pesa kwa kamishna wa viapo wakidhani muhuri wake utaziba nafasi ya mteja. Hauzibi.

Kama una mteja mmoja tu anayekupangia saa, anakupa vifaa na anakulipa kiasi kile kile kila mwezi, mazingira yako yanafanana na ajira hata kama mkataba unakuita mkandarasi. Hapo mwombe barua kamili kama ya swali la 6, kisha uongeze ankara na mkataba, ili ombi lisimame afisa akiliangalia kwa upande wowote. Kumbuka pia kwamba kujitegemea kunahesabika kwenye FSW, ila kwenye CEC hakuhesabiki.

14. Sijasajili jina la biashara BRELA wala sina TIN. Nimekwama?

Hujakwama, ila una kazi ya kufanya. Usajili wa jina la biashara hufanywa kwenye mfumo wa mtandaoni wa BRELA, na TIN hutolewa bure na TRA. Ukivipata leo, vina tarehe ya leo. Havirudi nyuma kuthibitisha mwaka 2022, na usijaribu kuvifanya vionekane hivyo. Kwa miaka ya nyuma utategemea mikataba, ankara, stetimenti na barua za wateja, na kwenye barua ya maelezo utasema kweli kwamba usajili ulikuja baadaye. Miezi ya mbele itakuwa na karatasi zilizokamilika.

15. Nimefanya miradi mingi midogo Upwork. Nitafute barua kwa kila mteja?

Hapana. Chagua wateja wanaobeba sehemu kubwa ya saa zako na kipato chako, uombe barua zao. Waliobaki waonekane kwenye kumbukumbu za jukwaa lenyewe: historia ya mikataba, ripoti ya malipo na cheti cha mapato unachoweza kupakua.

Kisha tengeneza jedwali la ukurasa mmoja: mwezi, mteja, kazi, saa, kiasi. Chini ya kila mwezi weka jumla ya saa. Jedwali peke yake halithibitishi kitu kwa kuwa umelitengeneza wewe, ila linamwongoza afisa ndani ya kurasa sitini ambazo vinginevyo asingejua aanzie wapi. Kila mstari uwe na namba ya ukurasa wa ushahidi wake.

Miradi inayolipwa bei moja kwa kazi nzima haina saa zilizorekodiwa. Hapo mteja aeleze makadirio ya saa kwa wiki kwenye barua yake.

16. Nilisaini mkataba wa kutunza siri.

Mkataba wa namna hiyo kwa kawaida hulinda taarifa za kampuni na wateja wake, haufichi ukweli kwamba ulifanya kazi. Barua inaweza kusema uliandika programu za kuchakata malipo bila kutaja benki iliyozitumia. Ukiona mkataba wenyewe una vifungu vya siri, omba ruhusa ya maandishi kuutuma, au funika vifungu hivyo na useme umefunika nini.

## Fedha

17. Malipo yanapita Payoneer, kisha benki, kisha mengine nayahamishia M-Pesa. Nionyeshe nini?

Onyesha mnyororo mzima kwa miezi michache, na sehemu ya kupokelea kwa miezi yote. Tuseme ankara ni ya dola 800. Ripoti ya Payoneer inaonyesha 800 kutoka kwa mteja yule yule. Siku tatu baadaye inaonyesha ulitoa fedha kwenda benki. Stetimenti ya benki inaonyesha shilingi zimeingia tarehe hiyo. Weka alama ya rangi moja kwenye mistari hiyo mitatu. Afisa akishaona kiungo hicho kwa miezi mitatu au minne, iliyobaki ataielewa.

Stetimenti ya benki iombwe tawini ikiwa na muhuri, hata kama unaweza kuipakua kwenye simu. Tawi la Mwanjelwa, la Mafinga au la Makambako litakugongea siku hiyo hiyo. Kilichotokea baada ya benki, yaani ulichotuma M-Pesa na ulivyotumia, hakimhusu afisa. Lakini kama mteja alikulipa moja kwa moja kwenye simu, stetimenti ya mtandao wa simu ndiyo ushahidi wako mkuu, na usiipunguze kwa picha za skrini. Omba taarifa rasmi ya kipindi kizima.

18. Kiasi kilichoingia hakilingani na kilichoandikwa kwenye barua.

Ada za kutuma na bei ya kubadilisha fedha hupunguza, hilo linaeleweka. Barua itaje kiasi kwa sarafu ya mkataba, na mstari mmoja kwenye maelezo yako useme tofauti imetoka wapi. Kisichoeleweka ni barua kusema dola 1,500 kwa mwezi wakati zinaingia 600. Kama zilizobaki zililipwa kwa njia nyingine, thibitisha njia hiyo pia.

19. Mteja alikuwa anatuma kwenye akaunti ya kaka yangu.

Hii inatokea sana, hasa kwa walioanza kabla hawajapata kitambulisho cha NIDA. Inahitaji stetimenti ya kaka, barua yake iliyosainiwa yenye nakala ya kitambulisho, na, muhimu kuliko vyote, barua ya mteja ikithibitisha kwamba alielekeza malipo yako kwenye akaunti hiyo. Bila barua ya mteja, afisa anaona tu kwamba kaka yako analipwa.

20. Sikuwahi kulipa kodi kwa kipato hiki.

Mkaazi wa Tanzania kwa kawaida hutozwa kodi kwa mapato yake hata yale ya kutoka nje, kwa hiyo kipato cha mtandaoni hakina msamaha kwa kuwa kimetoka mbali. Nenda ofisi ya TRA ya mkoa wako na ulipange suala hilo kama lilivyo. Kwa upande wa ombi la Kanada, kukosa karatasi za kodi hakuui ombi peke yake pale nyaraka nyingine zinapojitosheleza, ila zikiwepo zinasaidia sana, kwa sababu zimetolewa na mamlaka ya serikali na zina tarehe ambazo hukuzipanga wewe.

Aliyeajiriwa na kampuni ya Dar es Salaam akifanyia kazi Iringa ana nafuu: taarifa ya michango yake ya NSSF inaonyesha mwajiri na miezi.

## Kuthibitisha ulikuwa wapi na saa gani

21. Nitathibitishaje kwamba nilikuwa Tanzania muda wote huo?

Anza na pasipoti: nakili kurasa zote zenye mihuri. Kisha mkataba wa pango, au barua ya mtendaji wa mtaa inayotaja tangu lini unaishi hapo. Barua ya mtendaji mara nyingi huandikwa kwa Kiswahili, kwa hiyo inahitaji tafsiri (swali la 26). Orodha ya anwani kwenye fomu ikubaliane na karatasi hizi mwezi kwa mwezi. Ukiandika uliishi Uyole hadi Agosti 2023 na mkataba wa pango wa Soweto ya Mbeya umeanza Mei, rekebisha kabla hujatuma. Historia yako ya miaka 10 isiwe na mwezi mtupu: hata miezi ya kutafuta kazi iandikwe.

22. Saa zangu ni za usiku. Zieleweke vipi?

Toronto wakati wa baridi iko nyuma yetu kwa saa 8, na wakati wa kiangazi kwa saa 7. Zamu ya 9:00 hadi 17:00 ya kwao kwa hiyo huanza hapa saa 11 jioni na kuisha saa 7 usiku, na kiangazi hurudi nyuma kwa saa moja. Kwenye nyaraka zote andika kwa mtindo wa saa 24 na utaje ni saa za wapi.

Hii ina maana hasa kama ulikuwa na kazi nyingine ya mchana, mathalani ualimu wa sekondari. Kazi mbili za kutwa zinawezekana, lakini afisa atauliza ulilala saa ngapi. Ratiba fupi iliyosainiwa na waajiri wote wawili hujibu kabla hajauliza.

## Hali zisizo za kawaida

23. Kuna mtu anasema anaweza kunitengenezea barua ya kampuni ya nje.

Kataa. Maafisa hupiga simu, huandika kwa waajiri, hukagua usajili wa kampuni na wasifu wako mtandaoni. Kifungu cha 40 cha sheria ya uhamiaji ya Kanada kinamzuia aliyetoa taarifa za uongo kwa miaka 5, na wewe ndiye unayefungiwa, hata kama karatasi ilitengenezwa na mtu mwingine. Mtu mwenye kazi halisi na karatasi pungufu ana nafasi ya kujieleza. Mwenye karatasi moja ya kughushi huharibu na zile nzuri alizonazo.

24. Kampuni imefungwa.

Kusanya kilichobaki: mkataba, salari slipu, stetimenti, barua pepe za kazi zenye tarehe, na ukurasa wa msajili unaoonyesha imefutwa lini. Mtafute msimamizi wa zamani aandike barua kwa jina lake mwenyewe, akitaja cheo alichokuwa nacho na mawasiliano yake ya sasa. Wafanyakazi wenzako wawili wanaweza kuongeza, ila uzito wao ni mdogo kuliko wa msimamizi.

25. Nilikuwa Kanada kwa kibali, nikarudi Mbeya miezi mitatu nikiendelea na kazi ile ile.

Miezi hiyo mitatu haihesabiki kwenye CEC. Igawe kazi hiyo kwenye fomu mara mbili au tatu kwa tarehe ulizovuka mpaka: kipindi cha Kanada, kipindi cha Tanzania, kisha Kanada tena. Likizo fupi ya kawaida ya kuja kuwaona wazazi, ambayo hukuwa ukifanya kazi, ni suala tofauti na haigawanyi.

Na aliyefanya kazi akiwa mwanafunzi? Kwa FSW, kazi ya kulipwa uliyofanya ukisoma MUST au Chuo Kikuu cha Iringa inaweza kuhesabika ikitimiza masharti mengine. Kwa CEC, kazi ya wakati ulipokuwa mwanafunzi wa kutwa haihesabiki.

26. Nyaraka zangu nyingine ni za Kiswahili.

Zote zitafsiriwe kwa Kiingereza au Kifaransa. Wewe mwenyewe huruhusiwi kutafsiri, wala mwanafamilia wako, hata akiwa mwalimu wa lugha. Mfasiri aambatanishe hati ya kiapo inayothibitisha tafsiri, nayo nakala ya waraka wa asili iwe imethibitishwa. BAKITA hutoa huduma ya tafsiri. Uliza gharama na muda kabla ya mwaliko kufika.

27. Nikialikwa nina muda gani, na nianze na nini?

Siku 60, bila kuongezewa. Barua za waajiri ndizo huchelewa zaidi, kwa hiyo ziwe mkononi kabla ya mwaliko. Siku 60 zibaki kwa vyeti vya polisi na uchunguzi wa afya, ambao tangu Agosti 2025 unafanyika kabla ya kutuma ombi. Kwa aliyeko Nyanda za Juu Kusini hiyo ni safari ya Dar es Salaam, na haiishii siku moja. Ukipokea barua miezi mingi kabla ya mwaliko na bado uko kwenye kazi hiyo, omba nyingine yenye tarehe mpya.

28. Mfumo unakataa faili langu.

Kila faili lina ukomo wa MB 4, na kila kazi ina nafasi moja ya kupakia. Unganisha nyaraka zote za kazi hiyo kwenye PDF moja kwa mpangilio huu: barua yako ya maelezo, barua ya mwajiri, mkataba, malipo, kodi. Skani kwa nyeusi na nyeupe, nukta 150 hadi 200 kwa inchi. Picha za simu zilizogeuzwa PDF ndizo hujaza nafasi bure. Ukimaliza, fungua faili kwenye simu ya mtu mwingine na ujaribu kusoma muhuri wa benki. Kama hausomeki, skani upya ukurasa huo peke yake.

29. Nimeshatuma ombi, halafu mkataba wa kazi umeisha.

Kwa FSW uzoefu uliokwishaupata haufutiki kwa kuacha kazi. Wajulishe IRCC, yaani idara ya uhamiaji ya Kanada, mabadiliko hayo kupitia fomu yao ya mtandaoni, ukitaja namba ya ombi, tarehe ya mwisho ya kazi, na mawasiliano mapya ya aliyesaini barua yako kama naye ameondoka.